Shahidi wa Mzee Ambokile

Skripti haisemi uongo. Subilaga Mwambene alikuwa akiwaambia wanafunzi wake maneno hayo kila mwaka, kwa sauti ya mtu asiyetaka kubishiwa, na Jumatano ile skripti yake mwenyewe ikamuumbua. Kwa siku nne mfululizo programu hiyo fupi ya kuwachukulia wagonjwa vipimo ilikuwa imeandika kwenye shajara ya seva kwamba imeingia salama katika akaunti ya mgonjwa namba 2217. Na kwa siku nne hizohizo, pampu iliyomo kifuani mwa mgonjwa huyo haikuwa imepokea kitu.

Nani wa kuaminiwa hapo? Pampu, bila shaka, maana pampu ndiyo iliyokuwa imebeba mtu. Ilituma ujumbe Kituo cha Mapigo, alikokuwa akifanya kazi Subilaga, saa mbili asubuhi, mfupi na wa adabu, kwamba inaendesha damu kwa vipimo vya mwendo vilivyopokelewa Jumamosi, navyo vitaisha Ijumaa alfajiri. Baada ya hapo ingepunguza mwendo kidogokidogo, kama ilivyofundishwa, mpaka isimame. Mgonjwa namba 2217 alikuwa na miaka themanini na minne, na moyo wake wa kuzaliwa ulikwishatolewa zamani. Siku mbili tu, basi.

Ningependa kusema Subilaga aliingiwa na hofu. Hakuingiwa. Alivuta kiti, akajimiminia chai ya rangi, akasugua viganja. Mmwie radhi, ndivyo alivyoumbwa: akikuta kitu kinachosema kimefanya kumbe hakikufanya, humpendeza kuliko sikukuu. Hofu ilikuja baadaye, alipojua kosa ni la nani.

Alianza na makosa ya kijinga, kwa sababu makosa mengi ni ya kijinga. Nywila ilikuwa sahihi. Saa ya seva na saa ya skripti zililingana hadi sekunde. Akaangalia kama kuna nafasi tupu mwishoni mwa nywila, maana nafasi moja isiyoonekana iliwahi kumlia siku mbili za maisha yake na hajaisamehe. Haikuwepo. Akaiambia skripti isilete jibu la seva kwa namba tu, ilete ukurasa wenyewe kama ulivyo, kisha akaiendesha upya na kusoma.

Hapo akacheka peke yake. Seva ilikuwa imejibu "sawa" siku zote nne, lakini ukurasa iliouleta pamoja na hiyo sawa ulikuwa uleule wa kuombea kuingia. Ni kama mtu amebisha hodi, akaitikiwa karibu kwa bashasha, akajikuta bado amesimama barazani. Skripti ilisikia "karibu" ikaenda zake kuandika kwamba imeingia. Na nani aliifundisha kuridhika na karibu? Subilaga mwenyewe. Chini kabisa ya ukurasa, kwa maandishi madogo ambayo skripti haikuagizwa kuyasoma, palikuwa na mstari mmoja: *Shahidi hayupo.*

Kicheko kikakatika. Mstari huo aliuandika yeye.

* * *

Miaka minane nyuma, bado watu wa milimani walikuwa wakimthibitisha mgonjwa kwa sauti. Mashine haikuruhusiwa, na mpaka leo hairuhusiwi, kuingia kwa niaba ya mtu pasipo mtu mwingine wa nyumbani mwake kushuhudia kila baada ya siku tisini kwamba yupo na ndiye. Sheria ilikuwa nzuri. Kisha ikagunduliwa familia moja iliyoishi na bibi yao miezi saba baada ya bibi mwenyewe kuondoka: pampu inapiga, damu inazunguka, mwili una joto, na hakuna mtu ndani. Hawakuwa watu wabaya. Hawakuweza kumwacha aende, basi, na kila siku tisini waliipigia seva kanda ya sauti yake akisalimia. Subilaga alikuwa mmoja wa waliokwenda kuizima ile pampu, na alishika mkono wa bibi yule wakati ikizimika. Aliporudi ofisini aliondoa sauti kwenye mfumo. Akaandika kwamba shahidi na mgonjwa watakaa ana kwa ana mbele ya kamera, watazamane machoni, na seva iwasome wote wawili wakitazamana. Kanda haina macho. Walimpongeza sana kwa mstari ule.

Shahidi wa Mzee Ambokile, ndiye namba 2217, alikuwa mwanawe aliyeitwa Lugano. Ushahidi wa mwisho aliutoa siku chache kabla ya kufa kwa homa ya mapafu. Masika yakapita, siku tisini zikaisha Jumamosi, mlango ukafungwa. Nyumbani alibaki mtu mmoja tu mwenye sifa ya kushuhudia, mjane wa Lugano, aitwaye Tusekile. Mjukuu, Tumpe, alikuwa masomoni Zambia, na sheria ilitaka mtu aliyekaa na mgonjwa siku tisini mfululizo. Seva ilikuwa imemwita Tusekile mara kumi na moja aje akae mbele ya kamera. Mara kumi na moja hakuja.

Mkuu wa kituo, Bwana Kihwele, aliona jambo liko wazi. Mwanamke amemchoka mzee, alisema, na maandishi yanaonyesha. Aliagiza taarifa iandikwe. Subilaga akamwuliza kama mtu aliyemchoka mzee angejaza fomu ya kituo kila siku, kwa miaka kumi na tisa bila kuruka, mzee amekula nini, ameacha nini, amekohoa mara ngapi. Kihwele akasema basi aende akaone mwenyewe, lakini akumbuke Ijumaa haisubiri mtu.

* * *

Nyumba ilikuwa mlimani juu ya Kiwira, mahali ambapo mvua nyepesi hainyeshi bali inakaa tu hewani, na migomba imesimama ndani yake imelowa mwaka mzima. Tusekile alimpokea uani kwa maziwa ya mgando na kiti cha mianzi. Alikuwa mama wa miaka arobaini na ushei, mpana wa mabega, mwenye kanga mbili na buti za mpira, na hakuonekana kabisa mtu wa kumchoka mtu. Kabla hata ya salamu kuisha aliuliza kama pampu itapona.

Subilaga akaanza kueleza habari ya kamera. Katikati ya maelezo, kutoka nyuma ya nyumba, ikasikika mluzi wa mzee, mrefu na wa taratibu. Tusekile akainuka bila haraka, akachukua ndoo, akaingia jikoni na kurudishia mlango. Mzee Ambokile akapita uani na mkongojo wake, akamsalimia mgeni, akaenda kukagua ng'ombe. Alipotokomea, akapiga mluzi mwingine mfupi. Mlango ukafunguliwa na Tusekile akatoka, akaketi pale alipoachia, akasubiri maelezo yaendelee.

Masikio ya Subilaga yakawaka moto.

Maana alielewa, na alipaswa kuelewa tangu zamani. Yeye ni Mnyakyusa wa kuzaliwa. Mama yake mzazi alikuwa akikutana na baba mkwe njiani anajitosa kwenye shamba la chai, miguu imechubuka, mpaka mzee apite. Mkwe hamwangalii baba wa mumewe usoni, hamsemeshi, hakai naye chumba kimoja. Ndiyo heshima yenyewe, na wanaishika wote wawili, mmoja kwa kujificha na mwingine kwa kupiga mluzi. Subilaga alikulia Mbeya mjini akaamua mila hiyo imekwisha, kwa sababu kwake ilikuwa imekwisha. Akaandika "watazamane machoni" kwa ajili ya mlima mzima, watu elfu tatu wenye pampu, na hakukumbuka kumwuliza mtu hata mmoja. Mgeni angefanya kosa hilo akasamehewa. Yeye alimwona mama yake ndani ya chai.

Akauliza, na safari hii aliuliza kwa kutaka kujua kweli, inawezekanaje kumtunza mtu miaka kumi na tisa bila kumwona. Tusekile akashangaa swali. Chakula anakiweka mezani barazani, anakohoa, anaondoka. Nguo chafu anazikuta kwenye kapu. Vitanda vyao vimetenganishwa na ukuta mmoja wa matofali na anamsikia anavyogeuka. Zamani maneno yalipita kwa Lugano. Tangu Lugano afe hayapiti kwa mtu, lakini hawajapungukiwa sana, kwa maana mzee akitaka chumvi huacha kijiko juu ya kibakuli.

"Hebu niambie, dada," akasema Tusekile mwishoni. "Nikimtazama, atapona?"

Subilaga akasema ndiyo.

"Basi nitamtazama. Mambo ya aibu yatajijua yenyewe."

* * *

Mzee Ambokile alikataa.

Alikataa akiwa amekaa kwenye kigoda zizini, anamkuna ng'ombe shingoni, wala hakupandisha sauti. Alimwambia Subilaga kwamba binti yule alimzika mume na hakurudi kwao, ingawa ndugu zake walikuja kumchukua mara mbili. Kitu pekee alichonacho yeye Ambokile cha kumlipa ni ile heshima, kumpigia mluzi, kumpa njia. Leo mashine inamtaka amnyang'anye hata hiyo.

"Mwanangu, mimi siogopi kufa, nishaona wengi wanaweza," akasema. "Naogopa kukaa mezani kila siku nikila chakula cha mtu niliyemvua nguo."

Subilaga alirudi kwenye gari la kituo akakaa na kishikwambi magotini. Ufunguo mkuu alikuwa nao. Angeweza kutia jina lolote kwenye nafasi ya shahidi, skripti ingepita, pampu ingepata vipimo, na watu watatu tu duniani wangejua. Kidole kilikuwa tayari juu ya kioo. Kilichomzuia ni mkono wa yule bibi, jinsi ulivyokuwa na joto la kawaida kabisa. Akifungua mlango kwa uongo leo kwa ajili ya mzee aliye hai, kesho atamzuiaje mwenye kufungua kwa ajili ya aliyekufa? Na asipofungua, Ijumaa mstari wake mwenyewe utamwua mtu mzima ambaye hana kosa. Alitamani kulia, na alilia kidogo, kisha akapenga kamasi na kuanza kusoma sheria upya tangu neno la kwanza, kama asomavyo skripti ya mtu mwingine.

Sheria haikutaja macho popote. Sheria ilisema shahidi ni mtu amjuaye mgonjwa kwa hakika, na athibitishe kwamba yupo hai wakati ule. Macho yalikuwa ya Subilaga. Na sauti aliitupa kwa nini? Si kwa sababu sauti ni dhaifu, bali kwa sababu iliyotumika ilikuwa ya jana. Kanda inajua yaliyopita tu. Haiwezi kujibu swali lisiloulizwa bado.

Hapo akashika kichwa kwa mikono miwili. Maswali! Seva ibuni yenyewe, papo hapo, vitendo vitatu ambavyo hakuna aliyevijua kabla. Imnong'oneze mzee kwa spika ndogo ya sikioni avitende mbele ya kamera. Upande wa pili wa ukuta, mkwe asiyeambiwa chochote aseme amesikia nini. Wakilingana, mzee yupo, na aliye ukutani anamjua. Alipoandika alianza kuimba, na hakujua anaimba.

Kihwele alisikiliza yote kwenye simu bila kumkatisha. Mabadiliko ya mlango huhitaji sahihi mbili na wiki sita za majaribio, akamkumbusha. Subilaga akasema anajua. Kihwele akauliza itakuwaje kama mkwe atasikia vibaya. Akauliza pia, sauti ikiwa imebadilika, kama kweli mtu anaweza kujua, tuseme, kikombe kimeinuliwa kwa mkono upi kwa kusikia tu. Subilaga akasema hajui, ndiyo maana anataka kuona. "Weka jina lako," akasema Kihwele. "Langu siweki. Jumatatu utasimama mbele ya bodi." Akakata simu. Hakusema hapana, na Subilaga alimshukuru kwa hilo.

* * *

Walijaribu Alhamisi saa nne asubuhi. Seva ilitoa nafasi tatu. Ya tatu ikishindikana, akaunti hujifunga saa arobaini na nane, na mzee hakuwa nazo. Mzee alikaa kitandani kwake. Tusekile alikaa chumbani mwake, mgongo ukutani. Subilaga alisimama kwenye korido kati ya milango miwili, mahali pa kumsikia kila mmoja.

Nafasi ya kwanza waliipoteza bure. Tusekile alipokohoa tu kusafisha koo, mzee upande wa pili akatulia tuli. Miaka kumi na tisa kila akisikia kikohozi hicho hujizuia kutikisika mpaka mkwe apite, na mwili haujui habari za seva. Seva ilimwambia agonge, hakugonga. Dakika ikaisha. Mzee akaomba radhi kwa Subilaga kwa aibu kubwa, na ikabidi wampe muda anywe maji.

Nafasi ya pili aligonga, akatenda vyote vitatu, na Tusekile akasikia vyote vitatu. Tatizo ni kwamba hakuishia hapo. Amegonga ubao wa kitanda mara mbili, akasema, ameshusha mguu wa kulia, ameinua kikombe kwa mkono wa kushoto, na hajamaliza uji, na goti linamsumbua tangu Jumanne lakini hatasema, na dirisha ameliacha wazi wakati alikatazwa. Seva ilikuwa ikisubiri majibu matatu ikapata sita. Ikaona huyu anabahatisha, ikakataa. Subilaga akaegemea ukuta akacheka huku machozi yanamtoka, kwa sababu makosa yalikuwa yake tena: aliandika mlango usiojua kwamba mtu anaweza kujua kupita kiasi.

Angeweza kumwomba Tusekile aseme machache. Badala yake alikaa chini sakafuni na kuibadilisha seva. Ilimchukua saa moja na nusu, na Tusekile alimletea ndizi za kuchemsha. Sasa seva ingesikiliza kila kitu, ichukue matatu yake, na mengine iyaache yapite yalivyo.

Nafasi ya tatu. Ukutani kukawa kimya, kisha mzee akafanya jambo ambalo Subilaga hakulisikia kabisa. Akafanya la pili, kama kitambaa kikiburuzwa. La tatu nalo halikutoa sauti yoyote. Seva ilikuwa imechagua vitendo vigumu kusikika, na hilo nalo hakulifikiria.

Tusekile alikuwa amefumba macho.

"Amevua kofia," akasema. "Amejivutia blanketi magotini. Halafu..." Akageuza shavu likagusa tofali. "Halafu ameshusha pumzi. Aliizuia tangu mwanzo, sasa ameishusha."

Kwenye kioo cha kishikwambi, mstari mdogo wa chini ukatoweka. Ukurasa ukafunguka wote, vipimo vya siku tano vikateremka kwa mpigo, na upande wa pili wa ukuta pampu ikalia mara moja kuashiria imepokea. Skripti ikaandika kwenye shajara kwamba imeingia. Subilaga hakuiamini. Alisoma ukurasa mzima hadi chini kabisa, mara mbili, kisha akakubali.

Mzee hakusema neno kwa mkwewe, wala hakutarajiwa kusema. Alimwita Subilaga mlangoni, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema ndaga, ndaga fijo, na kwa jinsi alivyoutazama ukuta ilikuwa wazi shukrani hiyo inakwenda wapi. Subilaga akaivusha korido akaikabidhi kwa mwenyewe. Tusekile akaipokea kwa kuinamisha kichwa.

Alimsindikiza mgeni mpaka kwenye gari, na hapo akasitasita, akichezea pindo la kanga. Kuna kitu alitaka kuuliza, na alisema si lazima ajibiwe.

"Wewe umekaa naye siku mbili, umemtazama," akasema. "Sura yake ikoje?"

Subilaga akafungua mdomo. Miaka minane alikuwa ameshikilia kwamba mtu ni sura yake, akaandika hivyo, akapongezwa. Alitafuta neno la kumfaa mwanamke huyu, akapata mvi, akapata makunyanzi, mambo ya mzee yeyote. Kisha akaikumbuka picha ya marehemu kwenye faili la mashahidi, lile paji pana, ule mdomo uliopinda kidogo kama mtu anayezuia utani.

"Anafanana na Lugano," akasema.

Tusekile alisimama kwenye mvua. Macho yake yalijaa, lakini hakuyafuta.

"Kumbe nilishamwona," akasema, akageuka kwenda kukamua.